Mbili, Nane, Nne

Marashi, bwana, kwenye banda la vichwa vya treni! Mahali panaponuka moshi na grisi, asubuhi ile palinukia kama chumba cha bibi harusi. Mzee Nyundo, mkaguzi wa magurudumu, akapiga chafya, akamtania mwanawe aliyekuwa juu kwenye chumba cha dereva.

"Umejipulizia nini wewe? Unaendesha treni au unakwenda kuposa?"

"Mimi, baba? Leo hata sabuni sijaiona."

Wakacheka, kila mtu akaendelea na kazi yake.

Banda lile lilikuwa na utaratibu. Kichwa hakitoki mpaka mkaguzi agonge kila gurudumu kwa nyundo, kisha aite hesabu kwa sauti: madogo ya mbele, makubwa ya kuvuta, madogo ya nyuma. Hiki kilikuwa aina ya mbili-nane-mbili. Mzee akagonga, chuma kikaitikia vizuri. Kufika nyuma, lahaula! Magurudumu mawili zaidi. Akagonga moja. Halikulia. Lilishusha pumzi.

"Nihesabu," likanong'ona.

Mzee akakataa kuiita hesabu ile. Hapo mlango wa dereva ukajibamiza, mvuke ukaanza kujaa ndani, kijana akapiga kioo akilia, "Baba, naungua! Nifungulie!" na mzee akapanda mbio akavuta komeo mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma, akaita watu wasimsikie ilhali anawaona pale wanakunywa chai, na ile sauti ya chini haina hata haraka, inabembeleza tu, "Nihesabu nimwachie, nihesabu nimwachie," huku vidole vya mwanawe vikiteleza kwenye kioo.

Angefanyaje? Mtoto ni mtoto.

"Mbili! Nane! Nne!"

Mlango ukafunguka. Kijana akatoka mzima, hata jasho hana, akamkumbatia. Mzee akalia kwa kwikwi.

"Yamekwisha, baba. Shuka sasa, nachelewa."

Akashuka. Msimamizi akainua bendera ya kijani. "Mbili-nane-nne, njia nyeupe!" akasema, kana kwamba kichwa kile kiliundwa hivyo.

Treni ikaanza kwenda. Dereva akapunga mkono dirishani, akitabasamu. Gurudumu la mwisho lilipompita mzee, sauti ya mwanawe ikatoka ndani ya chuma, ndogo, yenye hofu.

"Baba, huyo aliye juu ni nani?"