Nukta Mia Sita na Kumi na Mbili

Kila asubuhi, mwalimu alipomaliza kuandika ubaoni, Umeme alimwinamia jirani yake wa dawati na kumsomea kwa sauti ya chini. Jirani huyo alikuwa mvulana aliyeitwa Kasuku. Macho yake yaliharibika tangu utotoni, na maandishi ya ubaoni aliyaona kama ukungu mweupe. Lakini masikio alikuwa nayo. Ukimsomea jambo mara moja, alikurudishia neno kwa neno, pamoja na mahali ulipokohoa.

"Umeruka mstari," Kasuku alimwambia asubuhi hiyo.

"Umejuaje, nawe huuoni ubao?"

"Nimeisikia chaki. Mwalimu ameandika mistari mitano, wewe umenisomea minne."

Umeme akacheka, akamsomea na ule mmoja. Jina lake hilo la utani alipewa kwa sababu ya kasi. Alikuwa wa kwanza kumaliza hesabu, wa kwanza kumaliza kufagia, na wa kwanza kurudishwa akafagie upya.

Siku hiyo Kasuku hakuweza kutulia kitini. Afisa wa mitihani alikuwa anakuja kuandikisha wanafunzi wanaohitaji msaada katika mtihani wa mwisho. Mwenye barua ya daktari wa macho angepewa karatasi yenye herufi kubwa na muda wa nyongeza. Katika mtihani wa majaribio Kasuku alikuwa amebandika pua kwenye karatasi mpaka kengele ikalia, akiwa amejibu maswali tisa kati ya hamsini. Yote tisa aliyapata.

"Safari hii nitasoma swali kwa macho yangu mwenyewe," alisema. "Sitasomewa na mtu. Hata na wewe, usinune."

"Nani ananuna? Nitapumzisha koo."

Saa tano kasoro, mwanafunzi wa darasa la chini alikuja kumwita Umeme ofisini.

Ofisi ya karani wa shule ilikuwa chumba chembamba chenye meza moja, kompyuta moja nzee na feni iliyozunguka inapotaka. Bi Karani alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, miwani juu ya paji la uso. Pembeni aliketi afisa wa mitihani, mkoba magotini.

"Mwanangu," Bi Karani alisema, "natafuta barua ya daktari ya jirani yako. Naandika jina lake, mashine inaniambia hakuna. Naandika namba yake, hakuna. Zile karatasi ulizoingiza wakati wa likizo, ulizijaza zote kama nilivyokuelekeza?"

Umeme akaikumbuka likizo ile.

Wanachama wanne wa klabu ya kompyuta, naye akiwa mmoja wao, walimsaidia Bi Karani kuingiza mafaili ya shule katika mfumo mpya wa kutunza nyaraka. Kila karatasi ilipigwa picha na skana. Kisha, chini ya picha, vilitokea visanduku vya kujaza: jina la mwanafunzi, namba yake, darasa, aina ya hati. Bi Karani aliwaeleza kwa uvumilivu. "Kompyuta haijui kusoma picha," alisema. "Itajua mtakachoiambia ninyi tu. Mkiandika hii ni barua ya daktari, ya fulani, wa darasa fulani, basi siku nikiitaka nitaipata kabla sijakohoa."

Wenzake watatu walifanya hivyo, karatasi moja moja, polepole. Umeme alichoka asubuhi ya kwanza. Alijaribu kuviacha visanduku wazi, mashine ikakataa kuhifadhi. Ndipo alipojaribu kuweka nukta. Nukta moja tu katika kila kisanduku. Mashine ikakubali, ikamletea karatasi nyingine. Katika siku tatu aliingiza karatasi mia sita na kumi na mbili, wakati wenzake hawakufika hata mia mbili kila mmoja. Mwalimu mkuu alimsifu mbele ya shule nzima. Alipigiwa makofi, naye akayapokea.

Karatasi zenyewe zilitiwa maguniani bila mpangilio na kupelekwa ghala la ofisi ya elimu, kwa kuwa paa la stoo ya shule lilikuwa linavuja. Mpaka magunia yale yarudi na kupekuliwa, wiki ingeisha. Na daktari wa macho alikuwa na foleni ya mwezi mzima.

"Umenisikia?" Bi Karani aliuliza. "Ulizijaza?"

Afisa alikuwa akimtazama. Umeme alitazama viatu vyake.

"Ndiyo, Bi."

"Basi kosa ni la mashine hii kongwe. Rudi darasani."

Afisa akatazama saa yake. "Mama, mimi nafunga orodha saa kumi kamili. Nikishaifunga, oda ya karatasi za herufi kubwa inakwenda kwa mchapishaji jioni hii hii. Baada ya hapo si mimi tena."

Umeme alirudi darasani na kukaa. Mwalimu aliandika ubaoni, akafuta, akaandika tena. Kasuku akamgonga kiwiko.

"Wamesemaje?"

"Wanatafuta."

"Wataipata. Baba aliileta mwenyewe nilipokuwa darasa la tatu. Ina muhuri mkubwa wa bluu, hata mimi niliuona." Akangoja kidogo. "Mbona husomi?"

Umeme akajaribu kusoma. Akaruka mstari, akarudia. Kila alipofungua kinywa, lile "ndiyo, Bi" lilimrudia masikioni. Dirishani aliweza kumwona Bi Karani akigonga vitufe, akiegemea kiti, akigonga tena. Alimwona akimpigia fundi wa kompyuta simu na kutikisa kichwa. Umeme alitaka kusimama. Akajiambia atasimama kipindi kikiisha. Kipindi kikaisha, hakusimama. Akajiambia huenda Bi Karani ameshaipata. Kipindi cha pili kikaisha.

Saa saba, kengele ya chakula ilipolia, Kasuku alibaki dawatini.

"Twende ukale," Umeme alimwambia.

"Nitakula wakishaipata."

Hapo Umeme aliinuka, akatoka. Aliingia ofisini bila kubisha hodi, akapita mbele ya afisa, akaandika kitu kimoja tu kwenye mstari wa kutafutia. Nukta. Akabonyeza.

Kompyuta ikafikiri, kisha ikaandika: hati 612. Chini yake ikashuka orodha ndefu, mstari juu ya mstari, na kila mstari ulifanana na mwenzake. Jina, nukta. Namba, nukta. Darasa, nukta. Aina ya hati, nukta.

Bi Karani alishusha miwani. Akaitazama orodha ile muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake ikiungua.

"Ni mimi," Umeme alisema. "Sikuzijaza. Nimekudanganya."

Hakupigwa wala hakufokewa. Bi Karani alisogea, akavuta kiti cha pili. "Kaa. Utafungua moja moja, mimi nitaangalia. Sogeza mkono."

Kasuku aliitwa, akakaa nyuma yao. Kila picha ilijifungua taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama pazia lililokwama. Nusu dakika kwa kila moja. Umeme, aliyependa hesabu, safari hii hesabu ilimchoma: dakika moja, hati mbili, hadi saa kumi, dakika mia na themanini, hati mia tatu na sitini. Mia mbili na hamsini na mbili zingebaki bila kufunguliwa.

"Nianzie juu au chini?" aliuliza.

"Sijui," Bi Karani alisema. "Hakuna ajuaye. Zote zina sura moja."

Akaanzia juu. Cheti cha kuzaliwa, si cha Kasuku. Barua ya uhamisho, si yake. Ripoti ya mwaka juzi. Fomu ya chanjo. Cheti cha kuzaliwa tena. Kila picha ilipoanza kushuka Umeme alisema moyoni iwe hii, na kila ilipomaliza kushuka haikuwa hiyo.

"Nisaidie nini?" Kasuku aliuliza.

Hapakuwa na kazi ya kumpa. Barua iliyotafutwa ilikuwa ya kuwaambia watu kwamba yeye hawezi kusoma kwenye kioo cha kompyuta kama kile. Akakunja mikono, akakaa.

Saa nane, hati mia na ishirini. Saa tisa, mia mbili na arobaini. Feni ikasimama. Jasho likamtiririka Umeme mgongoni. Alibonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba mashine ingeogopa.

"Usiipige," Bi Karani alisema. "Haiendi kwa hasira."

Saa kumi kamili walikuwa kwenye hati ya mia tatu na hamsini na nane. Afisa alisimama, akafunga mkoba wake. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaongezea dakika tano, akiwa amesimama mlangoni, na zilipokwisha akasema, "Mkiipata, mzazi aniletee ofisini kesho asubuhi. Muda wa nyongeza naweza kumpa kwa sahihi yangu. Karatasi za herufi kubwa siwezi tena. Pole, kijana."

"Asante, Mzee," Kasuku alisema. Adabu ile ilimuumiza Umeme kuliko tusi.

Waliendelea. Shule ilikuwa tupu. Saa kumi na moja na nusu, hati ya mia tano na arobaini na moja ikaanza kushuka, na juu kabisa kukatokea ukingo wa muhuri wa bluu. Bi Karani alishika mkono wa Umeme asibonyeze kitu. Jina likatokea. Lilikuwa la Kasuku. Hawakushangilia.

"Kama ningeanzia chini," Umeme alinong'ona, "tungeipata kabla ya saa nane."

"Na kama ungeniambia saa tano," Bi Karani alijibu, "hata kwa kuanzia juu tungeipata kabla ya saa kumi. Piga hesabu."

Umeme akapiga. Saa mbili za ukimya, hati mia mbili na arobaini. Ilikuwa kweli. Akafunika uso kwa viganja na kulia, na Kasuku akamwacha alie.

Kesho yake alfajiri baba yake Kasuku, fundi wa baiskeli, alifunga kibanda chake akaipeleka nakala ya barua. Alirudi na karatasi yenye sahihi: saa moja ya nyongeza, na ruhusa ya kutumia kioo cha kukuzia. Herufi zenyewe zitakuwa ndogo kama za watu wote.

"Sijui nikuambie nini," Umeme alimwambia Kasuku.

"Usiniambie kitu. Bado nina hasira."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nikimaliza nitakuambia."

Mchana ule Umeme alikwenda ofisini mwenyewe. Bi Karani alikuwa ameshaifungua ile orodha, nukta juu ya nukta.

"Nimekuja kuzijaza," Umeme alisema. "Zote."

"Najua. Kaa." Bi Karani alimsogezea kiti. "Sikiliza, mwanangu, nami nitasema mara moja tu. Kazi ya kulipua, ya kufanya mradi iishe, haimdhuru anayelipua. Wewe ulipigiwa makofi. Inamngoja mtu mwingine, siku nyingine, akiwa na shida, na siku hiyo hana la kufanya ila kukaa nyuma yako na kukunja mikono. Lakini kosa lile bado lingetengenezeka. Nukta zilituficha barua. Uongo wako ulitunyima muda wa kuitafuta. Ukikosea, sema saa ile ile, hata ulimi ukiwa mzito kama jiwe. Kila dakika unayonyamaza, kuna mtu anailipia."

Umeme akaitika kwa kichwa. Akafungua hati ya kwanza, akangoja picha ishuke yote, akaisoma mpaka mwisho. Kisha akafuta nukta na kuandika jina kamili la mwenye hati, namba yake, darasa lake na aina ya hati. Akalihakiki jina mara mbili kabla ya kuhifadhi.

"Hiyo moja," Bi Karani alisema. "Endelea."