Redio ya Tangi Ilipoulizwa

Katika ploti yetu ya Kayole, hakuna anayejua mitambo kuliko mimi, Nthambi. Juzi nilibonyeza rimoti mpaka kidole kikauma, na televisheni haikuwaka. Kumbe nilikuwa nimeshika kikokotoo cha mjukuu.

Maji yetu huongozwa na redio mbili ndogo. Moja iko juu ya paa, kwenye tangi. Maji yakipungua, hutuma habari kwa redio ya chini, nayo huwasha pampu. Ghafla pampu ikanyamaza. Tukaanza kununua maji ya mitungi langoni, kwa shemeji wa Kivuva, yule msimamizi wa ploti.

Kivuva alituambia mkosaji ni Abdiqadir wa duka la simu. Eti antena ya duka lake inameza mawimbi ya redio. Tuliamini. Mimi hata nilianza kupita pale nikiwa nimefunika kichwa, isije ikameza na akili kidogo niliyobaki nayo. Mwenye nyumba akamwambia Abdiqadir ahame kabla ya Ijumaa.

Alhamisi, Iqra, binti wa Abdiqadir, alikuja na kompyuta. Kazi yake ni kufunga redio kama hizo. Nilimfuata nikimchunga, asije akaficha ushahidi. Kivuva naye akatufuata, akiapa kwamba hajawahi kuzigusa.

Tulipanda juu kwanza. Iqra aliunganisha waya, akaandika alama tatu za kujumlisha. Akasema huko ni kubisha hodi: redio huacha kupitisha habari na kumsikiliza yeye. Kisha akaandika CH?

"CH ni chaneli, shosho. Alama ya kuuliza inauliza tu, haibadilishi kitu."

Redio ikajibu 4. Tukashuka. Ya chini ikajibu 7.

"Ni kama watu wawili, kila mmoja amefungulia stesheni yake," akasema. "Antena ya baba haina kosa."

Akaandika CH=4. Alinieleza kwamba alama ya sawa na namba ndiyo amri. Redio ikajibu OK. Akaizima, akaiwasha, akabisha hodi upya na kuuliza. Ikajibu 7.

"Imekuwa kama mimi," nikasema. "Inakubali, halafu inasahau."

"Nilitaka muone. Amri isipohifadhiwa, stima ikipotea nayo hupotea. Aliyeweka 7 alijua kuihifadhi."

Kivuva alichungulia langoni. "Andika CH=4 tena, kisha SAVE, tumalize. Watu wanataka maji."

Iqra akafanya hivyo. Akazima, akawasha, akauliza. Ikajibu 4. Alipoiacha irudi kazini, pampu ilinguruma na maji yakaanza kupanda. Nikamwambia Abdiqadir arudishe makatoni yake ndani.

Iqra alifunga kompyuta taratibu.

"Kila aina ya redio ina neno lake la kuhifadhi. La hii sikulitaja. Kivuva, wewe ambaye hujawahi kuzigusa, ulilijulia wapi?"

Kivuva akageukia langoni. Shemeji yake alikuwa tayari anasukuma mkokoteni wake wa mitungi, mbio kuliko siku zote, bila kumngoja.