Unga wa Maganda ya Kamba

Sokoni, katikati ya vurugu za asubuhi, mwanamke mwenye koti jeupe la maabara aliomba maganda ya kamba, nyama asiitake. Kijana muuza kamba alimkagua kuanzia viatu hadi kilemba, akacheka.

"Dada, wenzako wanakula nyama wanatupa maganda. Wewe kulikoni?"

Alimweleza kwamba ndani ya maganda mna sukari ndefu iliyoungana kama nyuzi, na ikitolewa vizuri, unga wake huzuia damu na kufunga vidonda. Tangu siku hiyo akaitwa Bi Maganda, na simu kati yao zikawa haziishi. Kijana alimwekea maganda kwenye barafu kila siku, naye Bi Maganda akajikuta amezama mapenzini.

Kitu kimoja tu kilimshangaza. Kila walipokwenda kwa mama yake, kijana alioga uani na kubadili nguo kabla ya kuingia ndani. Bi Maganda alidhani anaona haya kunuka kamba. Alimtania, kijana akatabasamu tu.

Mama mkwe mtarajiwa alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona, na alishasema harusi itafungwa siku atakayoweza kusimama. Bi Maganda akashindwa kusubiri. Maganda yalishaondolewa chokaa kwa asidi, lakini yalikuwa yamechemshwa kwa soda kali ya kutengenezea sabuni mara moja tu, protini ya kamba haijatoka yote. Kwa kidonda yatosha, alijiambia, akayakausha na kuyasaga. Bila kumwambia mtu unga ule umetoka wapi, alimnyunyizia mama kidondani kwa mkono wake mwenyewe, naye mama akamwita mwanangu.

Punde midomo ya mama ilivimba, pumzi zikambana. Walipofika hospitali alikuwa ameshafariki. Daktari aliuliza kama kuna kitu kilichokuwa kikimdhuru mwilini.

"Kamba," kijana alijibu. "Hata shati langu la kazini lilimvimbisha." Kisha akamgeukia Bi Maganda. "Ulimpaka nini?"

Baada ya maziko Bi Maganda alimpigia kijana simu mara nyingi mno, hadi ikapokewa.

"Sikulaumu," kijana alisema. "Mimi ndiye ambaye sikukuambia."

"Basi niambie nifanyeje."

"Nikikuona, namwona mama anatafuta hewa. Nimejaribu. Siwezi."

Bi Maganda alilia, akaapa ataacha maabara, atahama mji, atafanya lolote.

"Usinipigie tena, mpenzi wangu," alisema kijana kwa sauti ileile ya siku zote, akakata simu.