Nukta Isiyo na Jina

Kufikia saa nne asubuhi Msomaukoo, mashine kuu ya afya ya jiji la Korogwe, ilikuwa imeshasoma mate ya watu laki mbili na kuchora ukutani mti wa ukoo wa kirusi: shina, matawi, na kwenye kila tawi nukta yenye jina la mtu. Dkt. Mwantumu Shekilindi, aliyeibuni, hakuwa na nguvu za kuistaajabia. Zamu kumi na tisa mfululizo humtoa mtu hata hamu ya chai.

Kazi ya mashine hiyo si ngumu kuieleza. Kirusi huzaliana kwa kujinakili, na mnakili yeyote, hata awe makini vipi, hukosea herufi. Kosa la mzazi hurithiwa na mtoto, na mtoto huongeza lake. Ukiyalinganisha makosa hayo, unajua maradhi yamepita kwa nani na yameanzia wapi.

Kilichokuwa kigumu ni sheria. Mtaa ulioonekana kuwa chanzo cha aina mpya ulifungwa siku arobaini, na aina hiyo ikapewa jina la mtaa. Watoto wa mtaa huo walikuja kunyimwa uchumba kwa jina hilo.

"Saa sita taarifa inakwenda," alisema Hizza, mkuu wa kituo. "Mashine inasema chanzo ni mtaa wa Kwashemboko."

"Inasema hivyo kwa kuwa Kwashemboko walikubali kutoa mate. Majirani zao walikataa. Ukiwasha taa chumba kimoja, utaona mende wa chumba hicho tu."

"Haya, nionyeshe mende wa chumba cha pili."

Mwantumu akaukuza mti. Tawi mama lilitoka Kituo cha Anga cha Mikumi, wanakoshukia wasafiri wa mwezini. Nukta ya kwanza ya Kwashemboko ilikuwa ya Mzee Shemdoe, aliyefariki Alhamisi. Katikati palikuwa na nukta tupu. Mashine ilikuwa imekokotoa kwamba lazima kuna mtu aliyekibeba kirusi kutoka huku hadi kule, lakini mate yake haikuwa nayo.

"Mzee alikuwa amepooza," Hizza alisema. "Miaka minne hajavuka kizingiti. Na nani Kwashemboko ana nauli ya Mikumi?"

Mwantumu aliitazama ile nukta tupu. Mikumi alikwenda yeye mwenyewe, kuchukua sampuli. Siku tatu baadaye alikuwa Kwashemboko, amekaa mkekani, akiwaomba kina mama wakubali kupimwa. Siku hiyo palikuwa na hitima, na sinia la pilau liliwekwa kando ya kitanda cha Mzee Shemdoe ili naye amege tonge na wenzake. Mwantumu alisema ameshiba. Bi Mashavu, mke wa mzee na mwenyekiti wa kina mama, akamtazama.

"Anayekataa chakula chetu, mate yetu atayataka ya nini?"

Mwantumu akavua barakoa, kinyume cha kanuni, akala nao sinia moja. Kesho yake mtaa mzima ulipanga foleni ya kupimwa. Mwantumu alipiga chafya mbili, akasema ni vumbi.

Wafanyakazi wa kituo hawakusomwa. Kila asubuhi mlango ulichukua pumzi zao ukazihifadhi kwenye jokofu, na bila mwenyewe kuridhia hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Mwantumu akasogeza kidole gumba kwenye kioo.

"Dada, ukibonyeza hapo leseni yako imekwenda," Hizza alisema taratibu.

"Najua. Nimechoka, Hizza. Nikinyamaza nitachoka zaidi."

Alibonyeza. Baada ya dakika nne ile nukta ikapata jina lake. Hizza aliifuta Kwashemboko kwenye taarifa bila kumtazama usoni.

Mwantumu akapiga simu.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, mwanangu. Mnatufungia?"

"Hapana. Hamfungwi."

Kisha akamweleza yote, bila kujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu. Upande wa pili ilisikika miiko ikikwangua sufuria, na wanawake wakizungumza kwa sauti za chini.

"Mpaka siku ya mwisho mzee alikuwa akiniuliza," Bi Mashavu alisema. "'Mashavu, mimi sitoki, haya maradhi yamenifuataje?' Nikamwambia ni kazi ya Mungu."

"Nisamehe, mama."

"Leo siwezi. Kesho sijui." Akavuta pumzi. "Lakini matanga hatujaanua. Njoo ukae na sisi."

Machozi aliyoyazuia Mwantumu siku kumi na tisa yalimtoka mbele ya Hizza, wala hakuyafuta.

"Ila safari hii," Bi Mashavu alisema, "njoo na sahani yako."