Mbao za Marehemu Ziko Sebuleni kwa Mtani

Nina miaka hamsini na tatu, mjane, mkulima wa mpunga hapa Ifakara. Wasomaji wenzangu, nisomeni hadi mwisho ndipo mnihukumu. Wapo wanaosema sina adabu. Waseme!

Mume wangu alipanda mitiki mwaka tuliooana. Ilipokomaa aliikata, akaipasua mbao, akazipanga kivulini zikauke taratibu. Kila ubao aliuchoma herufi ya jina lake kwa chuma cha moto. Alitaka nyumba yetu iwe na sakafu ya mbao. Akafa kabla... Nikamwahidi akiwa kitandani kwamba sakafu ile itawekwa.

Fundi niliyemchagua alikuwa mtani wa ukoo wetu, mtu wa Kiberege. Ndiye aliyechimba kaburi la mume wangu, ndiye aliyetuchekesha msibani tulipokuwa tumekauka machozi. Mtu wa namna hiyo utamtilia shaka? Mimi sikumtilia.

Msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, ulipofika nilihamia shambani kama wenzangu wote, nikamwachia funguo. Nilirudi baada ya mavuno. Sakafu iling'aa kwa vanishi! Nililia kwa furaha, nikampa jogoo.

Furaha ile haikudumu. Kiangazi kilipokolea mbao zikaanza kusinyaa, misumari ikachomoza. Mjukuu wangu akachanika mguu. Nikakwangua vanishi kwa kisu... Mungu wangu! Ulikuwa mwembe mbichi uliopakwa rangi!

Nilipanda basi hadi kwake. Hakuwepo. Mke wake akanikaribisha ndani kwa heshima zote. Nikaketi, nikatazama chini. Pembeni ya mkeka niliiona herufi ya mume wangu. Nilikuwa nimeikanyaga.

Aliporudi hakuona hata aibu. Alicheka. "Aa, mtani wangu! Mtani haibi, anachukua!"

Nilimpeleka kwa wazee wa koo zote mbili. Nao wakacheka! Wakasema mtani huchukua kitu cha marehemu, ndiyo mila. Ni kweli huchukua kuku, kofia, hata jembe. Lakini sakafu nzima? Na mnajua kilichoniuma zaidi? Hata mimi nilicheka. Nilicheka kwa aibu mbele yao, kisha nikaenda kulia chooni peke yangu.

Wiki nzima sikula vizuri. Nilimwona mume wangu akiinama kivulini, akigeuza mbao zake moja moja. Hasira ikanipanda. Nikawaita wifi zangu watatu, tukakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tukabeba mitaimbo. Saa nne asubuhi tulikuwa Kiberege.

Tuliingia kwa vigelegele. Tukang'oa sebule ya yule bwana ubao kwa ubao, majirani wakitazama. Alikuja mbio, jasho likimtoka. "Mama, unanibomolea nyumba!"

"Mtani habomoi," nikamwambia. "Anachukua!"

Akakimbilia kwa wazee wale wale. Safari hii hakuna aliyecheka. Mmoja alikohoa, akasema mila ni mila. Mke wa fundi alisimama mlangoni, na yeye tu ndiye niliyemwonea huruma.

Mbao nyingi zilipasuka wakati wa kung'oa. Zilizopona zilitosha chumba kimoja, chumba changu cha kulala. Nilimwita fundi mwingine, nikaketi kwenye kigoda nikimtazama tangu ubao wa kwanza hadi wa mwisho. Sebuleni ni saruji. Nikiamka nakanyaga mbao za mume wangu, na sioni haya kusema kuwa natembea polepole makusudi.

Siku hizi naambiwa nimeua utani. Nami nawajibu kwamba aliyeuua ni yule aliyeficha wizi ndani yake.

Nawasihi wenzangu, hasa wajane: fundi hata akiwa ndugu, hata akiwa amewazikia, msimwachie funguo mkaenda shamba. Kagueni kazi yenu kila siku. Na mkiibiwa halafu watu wakacheka, tafadhali msicheke nao. Mimi nilicheka mara moja tu, na hadi leo sijajisamehe.