Joto la Kompyuta ya Luhaga

Siku ya tatu ya mgao wa umeme, Luhaga aligusa kompyuta akakuta bado ni ya moto.

Alikuwa fundi redio pale Buhongwa, mtu wa kukwambia kweli usoni, hasira karibu. Kompyuta ile kuukuu aliitoa kwenye kiwanda cha pamba kilichofungwa, ambacho mashine zake ziliwahi kumsaga kibarua, mwili usipatikane wote. Kuandika ilikuwa haiandiki, lakini ilichemka vizuri, basi akatandika pamba juu yake, akapanga mayai yaangulike. Mkewe Paskazia alipojifungua njiti wa miezi saba, Odeta, mayai yakasogezwa pembeni, mtoto akalazwa katikati. Nesi alishawaambia, bila joto hafiki Jumapili.

Dorotea, mama mkwe wa Luhaga, alizungumza amempa mgongo, kama heshima ya mkwe inavyotaka. "Mkwe, waya umelala sakafuni. Kinachomchemsha mtoto ni nini?"

"Mama, mwanangu yu hai. Hayo mengine siyaulizi."

Adhuhuri mayai yakapasuka. Vifaranga vilitoka bila macho, vimelowa damu, vikarukiana na kutoana matumbo kimyakimya, na kilichobaki kikapanda kifuani kwa Odeta. Paskazia alipokinyakua, waya ukainuka sakafuni ukamzonga shingo, ukamburuta hadi kwenye kioo cha kompyuta, na kioo kikanuka nyama mbichi na pamba iliyoungua, na ndani yake vyuma vikasikika vikisaga, vikisaga, na sauti ya mwanamume ikinong'ona kwamba joto ni lake, na aliyepashwa joto hilo ni wake. Luhaga akamnyakua mtoto akamtupia mama mkwe, akashika shoka, akakata waya ukaruka damu, akapasua kioo, vipande vikamchana hadi mfupa wa shavu ukaonekana, naye akaendelea kupiga, akitukana, mpaka kitu kikalia mle ndani, kikanyamaza.

Paskazia akakohoa, akavuta pumzi. Mashine ilikuwa baridi kama jiwe la ziwani.

"Mfunike mtoto, mama," Luhaga alinong'ona. "Atapoa."

Dorotea akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, akamtazama mkwewe machoni.

"Hapoi, mkwe," alisema. "Ni wa moto. Kifua hakipandi wala hakishuki. Kinasaga."