Ubao Uliomchukua Muuguzi

Mkanda wa kushoto ulikuwa umelowa. Fundi aliupapasa kwa kidole, akanusa, akasonya. Ubao wenyewe, wa kuteleza juu ya maji mtu akivutwa na tiara, ulikuwa umeegemea ukuta wa karakana kwa siku kadhaa na hakuna aliyeumwagia hata tone. Skrubu alizozikaza asubuhi zilikuwa mezani, zimepangwa mstari.

"Mama watoto, umegusa ubao wa mdogo wako?"

"Niguse ili iweje? Ubao ulioua mtu?" mkewe alijibu kutoka jikoni.

Ubao ulikuwa wa shemeji yake, anayekodisha mbao ufukweni. Mwezi uliopita mikanda ya kuingiza miguu ililegea, kwa sababu vikombe vya shaba vinavyoshika skrubu vilikuwa vimeachia ndani ya ubao. Dawa yake ni kuving'oa, kujaza gundi ngumu na kusubiri hadi kesho. Lakini shemeji alikuwa na mteja mlangoni, muuguzi aliyekuwa likizo. "Shemeji, chomeka njiti ya kiberiti, kaza, twende! Nani atajua?" Fundi akachomeka. Alikuwa na desturi ya kuvaa mikanda mwenyewe na kurukaruka papo hapo kabla ya kumpa mtu ubao wake; siku hiyo hakupima. Mbali kule majini mkanda mmoja uling'oka, mguu wa pili ukanasa, tiara ikamburuta yule dada. Alirudishwa ufukweni hana uhai.

Haraka haraka haina baraka, tunasema, halafu tunaharakisha.

Sasa shemeji alikuwa ameuleta tena ukazwe, biashara iendelee. Kila Fundi alipokaza, skrubu zilitoka. Karakana ikaanza kunuka dawa ya hospitali na maji ya chumvi. Kisha mchana mmoja, jua likiwa utosini, mashine zimezimwa, alisikia nyayo zenye maji zikimjia kwa nyuma, chwa, chwa, zikasimama karibu kabisa na shingo yake, na sauti ya mwanamke, taratibu kama anayemuuliza mgonjwa panapomuuma, ikasema, "Tengeneza vizuri. Halafu pima."

Mganga aliitwa. Alivua viatu mlangoni, akanusa, akavivaa tena.

"Jini mpita njia ningemfukuza," alinong'ona. "Huyu anadai haki yake. Mimi simo."

Basi Fundi akafanya kazi aliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Aling'oa vikombe, akapanua matundu, akajaza gundi, akasubiri ikauke ikawa ngumu, akafunga skrubu ndefu. Zikakaa. Ikabaki kupima, na hapo ndipo moyo ulipomwisha, kwani mikanda ilikuwa inafunguka na kujifunga polepole, inamsubiri.

Shemeji akaingia akipiga mluzi. "Naambiwa unaogopa mkanda! Fundi mzima?"

"Basi pima wewe," Fundi alisema.

Alijua anachosema. Mwezi mzima usingizi ulikuwa umemkimbia huku mwenzake akinenepa, na chuki ilikuwa imemjaa hadi kooni.

"Mdogo wangu, usi..." mkewe alianza kusema mlangoni. Alikuwa amemlea mdogo wake huyo mgongoni, tangu mama yao alipofariki.

Shemeji aliruka mara moja, akacheka. Aliruka tena, hakucheka. "Inabana," alisema. "Shemeji, inabana, fungua, fungua bwana!" na kabla mtu hajapiga hatua ubao ukajivuta sakafuni, hakuna tiara, hakuna upepo hata wa kutikisa pazia, ukavuka kizingiti, ukakata uchochoro, dada mtu akiufukuza na bisibisi mkononi, akaudaka ukingoni mwa maji, akapiga magoti akazungusha skrubu moja, akazungusha nyingine, vidole vikamchubuka, na zote zilikataa.

"Zilegeze!" alimlilia mumewe. "Umezikaza na nini?"

Fundi alikuwa amesimama mbali kidogo, analia. "Nimezikaza vizuri," alisema.

Ubao ukamponyoka dada mtu. Mawimbi yakafunguka, yakammeza shemeji, yakajifunga. Harufu ya dawa ikapita juu yao ikielekea baharini.

Majirani walitafuta mpaka wakachoka. Jioni maji yalirudisha ubao peke yake, mikanda imekaza barabara, haina mtu. Mchuma janga hula na wa kwao, wakasema, wakaenda zao.

Mkewe hakulia. Aliubeba ubao hadi karakana, nguo zikimchuruzika, akaulaza miguuni pa mumewe, akafunga mlango kwa komeo.

"Ulijua," alisema.

Fundi alitega sikio, akitafuta katika maneno hayo sauti ile ya marehemu, ili apate wa kumlaumu. Hakuisikia. Ilikuwa sauti ya mke wake mwenyewe, iliyomwita kula kila siku.

"Ingiza miguu," mkewe akasema.